Ganzi ya mgongo: tundu la sindano linaangalia wapi unaposukuma dawa?

Wakuu, umechoma vizuri, maji ya uti wa mgongo yametoka safi, umesukuma dawa, halafu ganzi inashika mguu mmoja au inaishia kwenye nyonga. Tunakimbilia kulaumu dawa kumbe shida ilikuwa mkono.

1. Pengo la kuchoma liwe L3/4 au L4/5, yaani kati ya pingili ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano, za kiunoni. Usipande, uti wa neva wa mtu mzima unaishia karibu na L1/2, na tukipapasa kwa vidole mara nyingi tunajikuta juu kuliko tulivyodhani.

2. Ijue sindano yako. Quincke inakata na tundu lake liko nchani kabisa. Whitacre ina ncha kama penseli, tundu liko ubavuni, sasa hapo ndo penye kazi maana tundu linaweza kukaa nusu ndani nusu nje ya dura (utando unaoshika maji ya uti wa mgongo), maji unayaona yanatoka lakini ukisukuma dawa, sehemu yake inamwagikia nje, unapata ganzi ya mabaka. Maji yakitoka, ingiza kama milimita moja tena.

3. Geuza tundu. Likiangalia kichwani dawa huelekea kupanda, hasa ile plein isiyo na glukosi. Dawa nzito, yaani yenye glukosi, inafuata mteremko, kwa hiyo dozi na mkao wa mgonjwa vina nguvu kuliko tundu.

4. Egemeza mgongo wa mkono wako kwa mgonjwa sindano isicheze wakati unafunga sirinji. Vuta maji kidogo kwa sirinji, sukuma taratibu, vuta tena mwishoni uone kama bado uko ndani. Hii ya kuegemeza mkono naisisitiza sana jamani.

Swali: Nikisukuma haraka si itapanda?
Jibu: Kwa plein inaweza, ila huijui itafika wapi. Kwa nzito tofauti ni ndogo. Mi siitegemei.

Swali: Mkuu, nikitaka mguu mmoja tu?
Jibu: Alale ubavu, mguu wa operesheni uwe chini, dawa nzito dozi ndogo, tundu liangalie chini, sukuma polepole kabisa, mwache hivyo dakika 10 hadi 15. Mguu wa pili unaweza kuguswa kidogo, usishangae.

Swali: Ganzi ikishika nusu narudia dozi nzima?
Jibu: Hapana ndugu yangu! Ile ya kwanza bado imo, ukijumlisha inaweza kupanda hadi kifuani, presha ikashuka na pumzi ikakata. Pima kwanza imeshika wapi, mpaka makalioni, mwite mkubwa wako, na kama mnarudia punguzeni dozi huku vifaa vya kumsaidia kupumua viko tayari pembeni.