Kurina Asali na Kuiuza: Mwongozo kwa Mfugaji Mdogo wa Nyuki

Ubora wa asali, na kwa hiyo sehemu kubwa ya bei yake, huamuliwa siku inaporinwa, kwa sababu asali iliyotolewa mzingani kabla ya kukomaa haikomazwi tena kwa kuchujwa wala kwa kufungashwa vizuri. Nyuki hukusanya nekta yenye maji mengi, huyapunguza maji hayo hatua kwa hatua, na asali inapokuwa tayari huziba vyumba vya sega kwa utando mwembamba wa nta. Kwa hiyo sega linalofaa kukatwa ni lile ambalo angalau robo tatu ya vyumba vyake vimezibwa. Kiwango cha Codex Alimentarius, yaani mkusanyiko wa viwango vya kimataifa vya chakula, kinataka asali, isipokuwa aina chache, isizidi asilimia 20 ya maji, na ikizidi hapo hamira za asili zilizomo ndani yake huanza kufanya kazi, asali ikachacha na kutoa povu. Kikundi kinachomudu kununua kifaa kidogo cha kupimia kiasi cha maji, yaani rifraktomita, hakitapata chombo kingine chenye manufaa zaidi ya hicho katika kujadiliana na wanunuzi.

Urinaji ufanyike jioni, katika siku kavu. Bomba la moshi, yaani kifaa cha kuwapulizia nyuki moshi, lijazwe nyasi au maganda makavu ya miti, na kamwe lisiwekwe mpira, plastiki wala mafuta ya taa, kwani asali hushika harufu upesi. Moshi mchache na wa baridi hutosha kuwatuliza nyuki. Ukizidi, asali yenyewe hunuka moshi, na hiyo ni kasoro ambayo mnunuzi huigundua kabla hata ya kuonja. Kuwafukuza nyuki kwa mwenge wa moto ni hasara tupu, kwa maana huua kundi ambalo lingetoa mavuno ya msimu ujao na mara nyingi huwasha msitu unaolilisha. Masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, yaachwe mahali pake, na sehemu ya asali ibakizwe kwa ajili ya nyuki, hasa ikiwa majira ya uhaba wa maua yanakaribia.

Masega yatengwe palepale kwenye mzinga. Yaliyozibwa vizuri yaingie katika ndoo safi, kavu na yenye mfuniko, na yale yaliyo wazi yawekwe kando kwa matumizi ya nyumbani. Mazoea ya kukamua kila kitu kwa mkono katika chombo kimoja huchanganya asali na chavua na majana, na hapo ndipo asali nzuri inapoharibiwa na kiasi kidogo cha asali mbaya. Inafaa zaidi kuyakatakata masega na kuyaacha yajichuje yenyewe juu ya kitambaa safi, katika chumba chenye joto, kisha asali itulie siku mbili au tatu mpaka povu na mabaki ya nta yapande juu yaenguliwe. Vyombo viwe vya plastiki ya chakula au vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu asali ina asidi inayokula zinki, shaba na chuma cha kawaida. Mfuniko ukazwe, kwani asali hufyonza unyevu wa hewa.

Sokoni, suala la kwanza ni kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hubeba karibu kilo 28. Mnunuzi anayehesabu ndoo hiyo kuwa kilo 20 huondoka na kilo nane bila kuzilipia. Mizani iwe mali ya wauzaji, na bei itajwe kwa kilo. Wauzaji wakikusanya mavuno yao pamoja huweza kujaza shehena inayomvuta mnunuzi mkubwa, ila kila ndoo ipimwe maji na kuandikwa jina la mwenyewe kabla ya kuchanganywa. Wateja wengi hudhani kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari, ilhali kuganda ni tabia yake ya asili, na inatosha kukitumbukiza chombo katika maji ya nyuzi joto 40 hivi ili iyeyuke. Lebo itaje uzito, tarehe ya kurina na onyo kwamba asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Mabaki ya masega yasitupwe. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo huchemshwa pamoja na maji, huchujwa kwa gunia na kuachwa ipoe polepole hadi igande juu ya maji, kisha uchafu wa chini hukwanguliwa. Kwa kuwa nta haiozi, mapande yake yanaweza kuhifadhiwa mahali pa baridi, mbali na viuatilifu, mpaka yatimie kiasi cha kumfaa mtengeneza mishumaa au vipodozi.