Kiporo cha wali kikikuvuruga tumbo, fanya hivi

Wali uliolala kwenye sufuria usiku kucha bila friji unazalisha bakteria anaitwa Bacillus cereus, na sumu yake ya kutapisha haiharibiki hata upashe moto mpaka uungue, kwa hiyo usijidanganye. Kutapika kunaanza ndani ya saa 1 mpaka 6 hivi. Usikimbilie duka la dawa kununua Flagyl, antibayotiki haisaidii hapa maana kinachokutesa ni sumu, we tafuta ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), ukikosa chukua maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai (visijae kilima jamani), koroga, kunywa kidogo kidogo. Ila ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mtoto kalegea hakojoi, hospitali fasta, inaweza kuwa bakteria wengine kama shigela au salmonela na dawa ataamua daktari.