Kambi ya ziwani inafungwa mtaani kwenu? Fanyeni haya kabla ramani mpya ya eneo haijachorwa

Wakuu, hizi kambi za kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, za vijana, za makanisa, za mashirika, zikifungwa huwa inakuwa hivihivi: geti linapigwa kufuli, anabaki mlinzi na mbwa wake, alafu mtaani kila mtu na lake, huyu anasema inajengwa hoteli, yule anasema kuna kigogo kashapewa. Achaneni na stori, anzeni kazi.

Kwanza jueni mpo halmashauri gani. Luchelele, Malimbe, Butimba, Capri Point ni Nyamagana, kwahiyo mnaenda Jiji. Kirumba, Igombe, Kayenze ni Ilemela, huko ni Manispaa. Barua ya ombi lenu kuhusu eneo hilo ikienda kusiko inalala huko.

Pili ni hati, na hapa msiwe na haraka. Tafuteni namba ya kiwanja na kitalu, mtu mmoja aende ofisi ya ardhi afanye sechi (yaani kumbukumbu za kiwanja zikaguliwe), analipia ada anapewa majibu ya maandishi. Angalieni jina la mmiliki, muda wa hati (huwa ni miaka 33, 66 au 99) umebaki kiasi gani, na matumizi yaliyoandikwa. Hayo matumizi ndo kila kitu. Kama ni taasisi au huduma za jamii, mnunuzi hawezi tu kuja na katapila aanze kujenga apatimenti, inabidi kwanza aombe kubadili matumizi, na ombi hilo linatangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Kiwanja kikiuzwa linabadilika jina tu, matumizi yanabaki yaleyale. Sasa bango la tangazo wengine wanalipachika sehemu ambayo litasomwa na mbuzi, kwahiyo vijana wapite pale mara kwa mara, wakiliona wapige picha.

Tatu, nendeni na tepu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ila ziwa letu hili mnalijua, 2020 lilipanda, 2024 likapanda tena likaingia mpaka majumbani, so msipime siku maji yamerudi nyuma mkajidanganya, tafuteni alama za maji kwenye kuta za mabweni ya zamani na muwaulize wavuvi.

Baada ya hapo kaeni na wanaopatumia pale kweli: wavuvi kupitia BMU yao (kile kikundi cha kusimamia mwalo), akina mama wanaoanika dagaa, wanaochota maji, watoto wa mpira. Na ombi lenu kwa halmashauri lisiwe "tunataka eneo liwe la wananchi", hiyo afisa mipangomiji hawezi kuichora! Andikeni njia ya miguu toka barabarani mpaka majini ipite wapi, mitumbwi ipaki wapi, bweni lipi bado imara na litumike kwa kazi gani, mashimo ya vyoo yaliyo karibu na maji yafungwe. Alafu muandike nani analipa mlinzi na usafi, manake ufukwe wa bure usio na hela ya kuutunza mwaka haupiti unageuka dampo. Mimi naona ukumbi ukodishwe kwa maharusi na semina, hela hiyo itunze njia, njia yenyewe ibaki bure. Kuogelea msikuahidi kirahisi, kwenye kona za maji yaliyotulia yenye majani ndo konokono wa kichocho wanakaa.

Hayo yote yapitishwe mkutano wa mtaa, muhtasari uandikwe, watu wasaini. Barua iende kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani na mipangomiji, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri mtaambiwa haikufika. Diwani mbaneni alisemee ombi lenu kwenye kamati ya mipango miji, msisubiri baraza la madiwani la kila robo mwaka, jambo likifika huko huwa limeshaamuliwa, ingawa nendeni tu mkae msikilize, kikao hicho yeyote anaruhusiwa kuingia.

Ukija mradi mkubwa unaohitaji tathmini ya mazingira, ile ya kupima madhara ya mradi, watakuja wataalamu kuwauliza maoni, soda zitakuwepo na karatasi ya mahudhurio itazungushwa mapema. Usisaini ukaondoka, sema kwanza la kwako na uhakikishe limeandikwa, maana sahihi hizo ndo zinabandikwa kwenye ripoti kuonyesha mlishirikishwa.