Mita ya Kulipia Kwanza ya Uingereza si LUKU: Yaliyotukuta Leicester

Siku tunakabidhiwa nyumba Leicester, ilikuwa Oktoba, tulipewa funguo za milango, ufunguo mmoja wa plastiki na kadi ya gesi. Wakala akasema ule wa plastiki ni wa umeme: unaupeleka dukani, unawekewa pesa, ukirudi unauchomeka kwenye mita. Mume wangu akaniambia, "Mama, si LUKU hiyo, kama ya kwetu Tanzania?" Tukamshukuru Mungu. Nyumba yenyewe ilikuwa inaendeshwa kwa mshahara wake wa ghalani na zamu zangu za usiku za kutunza wazee, watoto watatu, kodi ya nyumba inameza nusu. Umeme wa kulipa kadiri unavyotumia ndio tuliokuwa tunautaka.

Si LUKU. Narudia kwa ajili yako unayehamia wiki ijayo: mita ya kulipia kwanza ya Uingereza si LUKU. Nyumbani, ukitoa kodi ya jengo inayokatwa humo, uniti ulizonunua ni zako, usiponunua unakaa giza, basi. Huku ndani ya mita kunaweza kuwa na deni, na deni hilo linaweza kuwa la mtu usiyemjua.

Sisi tulikuta la mpangaji aliyetutangulia. Kampuni ilikuwa imeiseti mita ikate paundi 6 kila wiki kulilipa, na kwa kuwa tulitumia ufunguo wake, tukawa tunalipa sisi. Wala hatukujua. Tuliona tu kwamba paundi 20 haimalizi wiki. Nikaanza kugombana na watoto: zima taa, nani kaacha wazi redieta ya kupasha chumba joto, oga upesi. Usiku mmoja wa Januari mdogo wetu alilala na koti. Nikipika maharage nilikuwa nahesabu dakika za jiko. Wiki 22 tulibana matumizi, kumbe pesa inapitia pengine.

Aliyetufumbua macho ni mzee wa Kihindi mwenye duka tulilokuwa tunawekea pesa, upande wa Belgrave Road. Leicester ina wazee wengi wa namna yake, waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine waliotoka Kenya, na Kiswahili hawajakiacha. Alinisikia nikilalamika na mume wangu, akaniuliza, "Mama, hii funguo ulipewa na nani? Uliandikisha jina lako?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi unalipa deni ya mtu."

Hapo nilikaa nikafikiri sana kuhusu nchi hii. Mtaani kwetu Tanga jirani angekuja jioni ile ile ya kwanza kutuambia maji yanakatika lini na mita ina kasoro gani. Leicester jirani yetu alikuwa mtu mwema kabisa, anatusalimia kila asubuhi, lakini habari ya pesa na bili kwake ni siri ya mtu, haiulizwi. Hapa nchi inaendeshwa kwa barua. Usipoandika, hakuna anayejua kwamba umeonewa. Ukiandika kwa ushahidi, mara nyingi wanakusikiliza, na hilo nawapa haki yao.

Kwa hiyo, siku ya kwanza kabla hujafungua hata sanduku la vyombo: piga picha mita zote mbili, namba zionekane, na kama mita ina kitufe, bonyeza mpaka uone ukurasa wa deni, upige picha na huo. Usiweke hata paundi moja kwenye ufunguo au kadi uliyoikuta. Piga simu kampuni inayouza umeme na gesi kwenye nyumba hiyo, wape tarehe uliyoingia, watumie mkataba wa kupanga, omba ufunguo na kadi vipya na deni la zamani lifutwe kwenye mita. Halafu thibitisha kwa barua pepe. Simu peke yake haitoshi. Mimi nilipiga mara nne, kila mara mtu mpya, kila mara naanza upya. Tulipoandika malalamiko rasmi tukiwa na picha na mkataba, pesa ikarudi, paundi 132, ila baada ya wiki 8. Ofisi za Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, hukusaidia kuandika, bure.

Mtego wa pili tuliingia wenyewe. Huku kuna tozo ya kila siku, iwe umetumia au hujatumia. Watanzania wenzangu watakumbuka ile ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyofutwa 2016. Hii ni jamaa yake, ila haijafutwa. Ya gesi ilikuwa karibu peni 30 kwa siku. Kiangazi tuliona joto lipo, bafu ni la umeme, tukaacha kuweka pesa ya gesi tangu Juni. Oktoba, baridi imeingia, nikaweka paundi 40. Mita ikameza paundi 36 na ushee, za siku 122 za tozo. Weka hata paundi 3 kila wiki kiangazi chote. Na ule mkopo wa dharura unaokupa mita pesa ikiisha, utaurudisha kwanza kabla ya kuona mwanga wa pesa yako mpya, usiufanye desturi.

Naona si haki kwamba anayetumia kidogo na anayetumia kingi wanalipa tozo ile ile. Mjane mwenye chumba kimoja anaumia kuliko mwenye jumba.

Mengine ya kubana matumizi mtayajua wenyewe: mchele gunia la kilo 20, unga kwenye maduka ya Kiafrika, nyama jioni inapopunguzwa bei. Anayeishi peke yake na watoto wadogo aombe punguzo la robo ya kodi ya halmashauri; halihesabiwi kuwa fedha za umma, yaani misaada ya serikali ambayo visa nyingi zinaikataza, kwa hiyo visa haitaguswa.

Na ndugu zangu mlio nyumbani, mkisikia paundi 20 mnaibadili kwa shilingi mnaona mali. Shangazi aliniuliza mtu wa Ulaya anakosaje umeme. Shangazi, nakuheshimu, lakini mwezi ule tulikuwa tunakula ugali na koti mwilini. Tukisema tusubirini mwisho wa mwezi, mtuamini.

Tulipohama nyumba ile tulipiga picha mita na kuituma siku hiyo hiyo. Ule ufunguo wa plastiki niliuacha juu ya mita na karatasi niliyoandika kwa Kiingereza na Kiswahili: msiweke pesa humu, pigeni simu kwanza.