Namna ya kuwaonyesha watoto mzingiro wa Fort Jesus

Wazazi huniuliza ninafanyaje na wanafunzi wangu pale Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno mjini Mombasa, maana wao wakiwapeleka watoto huishia kupanda mizinga, kupiga picha na kurudi nyumbani. Mimi huanza siku moja kabla, na sianzii ngomeni.

Nunua mbaazi na mahindi meupe kidogo. Kaeni mkekani, mhesabu punje 50 za mahindi na mbaazi 1,500. Usiwasaidie sana; wakichoka kuhesabu ndipo watakapojua wingi wa watu hao. Mahindi ni Wareno. Mbaazi ni Waswahili na Waafrika wengine waliokuwa upande wao ngomeni, merikebu za Imam Saif bin Sultan wa Omani zilipofika Mvita, yaani Mombasa, tarehe 13 Machi 1696 kuizingira ngome. Mimina zote kwenye sinia. Shuleni nilikaririshwa kwamba Waarabu waliwafukuza Wareno, basi. Sinia litamwonyesha mtoto kwamba njaa na maradhi ya ngome ile yaliwapata watu wa pwani hii kuliko mtu mwingine yeyote.

Kesho yake tia mbaazi na mahindi mfukoni, muondoke asubuhi kabla jua halijawa kali. Kabla ya kuingia, zungukeni upande wa bahari. Kila mmoja aweke kiganja ukutani ahisi matumbawe yanavyokwaruza. Kisha waulize upepo unatoka wapi, na hapa usiwe na haraka. Merikebu za kutoka Omani na za kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, zililetwa na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Za kutoka Msumbiji zilisubiri kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwa hiyo aliyekuwa ngomeni akiomba msaada alijibiwa kwa msimu. Msaada kutoka Goa ulifika Desemba 1696, na mwezi uliofuata tauni ikaingia.

Sasa ingieni, mpande juu ya ukuta, mkae kivulini. Watoto watoe mbaazi mfukoni, wazirudishe kwako konzi baada ya konzi. Mahindi yaishe yote, kwa sababu kufikia mwishoni mwa Agosti 1697 hakuwa amebaki hata askari mmoja Mreno. Wabakishie mbaazi chache tu: moja ya Bwana Daud bin Sheikh wa Faza, 17 za jamaa zake, 8 za wanaume wengine na 50 za wanawake wa Kiafrika. Hao ndio walioishika ngome mpaka Septemba, msaada ulipowasili kwa merikebu kutoka Msumbiji.

Mtoto atauliza kwa nini mtu wa Faza apigane upande wa Wareno. Mjibu kwa uzito. Faza na Pate, miji ya kisiwa kimoja, walikuwa na ugomvi wa zamani, na Pate walielekea kwa Omani. Wanawake wale 50, ambao majina yao hayakuandikwa, mimi husimama kidogo kwa ajili yao. Huwaambia wanafunzi waziweke zile mbaazi 50 kiganjani na wasiseme kitu kwa dakika moja.

Baada ya hapo nendeni kwenye vyumba vya makumbusho mkaone vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná, merikebu iliyoleta msaada ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Mbao zake nyingi zilifukiwa tena chini ya maji, basi waonyeshe watoto mahali zilipo kutoka juu ya ukuta.

Mwisho wabakishe mahali panapotazama mlango wa bahari. Rudisha punje za mahindi zisizofika kumi, kisha ongeza moja ya kapteni na moja ya padri. Hao ndio waliokutwa na Waomani walipopanda ukuta usiku na kuitwaa ngome, tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33. Kisha waambie watoto watazame baharini, upande wa kaskazi. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilitokea pale, zikaiona bendera ya Omani juu ya ngome, zikageuza tanga.