Ukiomba kibali cha kupiga picha bustanini, taja vifaa

Nimejifunza hili baada ya maombi yangu kurudishwa mara mbili. Unapouandikia uongozi wa bustani ya umma, usiulize tu kama kuna ada. Taja idadi ya watu, saa mtakazokaa, picha zitatumika wapi, na zaidi ya yote vifaa: stendi ya kamera, taa, viakisi, pazia la nyuma. Omba jibu la maandishi, na siku ya kazi uwe nalo mkononi.

Inasaidia kwa sababu mara nyingi kinacholipiwa si picha yenyewe bali nafasi mnayoichukua na matumizi ya kibiashara. Mlinzi naye haoni nia yako. Anaona stendi na taa. Katika hifadhi za taifa za Marekani, kwa mfano, tangu Januari 2025 kundi la watu wasiozidi 8 wenye vifaa vya kubeba mkononi kwa kawaida halihitaji kibali, hata picha zikiwa za kuuza, ilimradi hawazuii wageni wengine. Kwa hiyo ukipunguza vifaa, huenda ada ikaondoka kabisa. Mimi sasa naacha taa nyumbani na kutegemea mwanga wa asubuhi.

Haisaidii kwa droni, ambayo karibu kila mahali ina sheria zake. Wala kibali cha bustani hakikupi ruhusa ya kutumia sura za wapita njia kwenye tangazo. Hao waombe wenyewe, na kwa watoto waombe wazazi.