Kufumua sweta la mtumba upate uzi wa kufumia

Kabla ya kununua, geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kupigwa ovaloki (mshono wa mashine unaofunika ukingo), liache: kila mstari umekatika, utaambulia vipande vifupi tu. Unalotaka lina kingo nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja, kama mkufu. Sufu iliyoganda kwa kufuliwa na maji moto nayo haifumuki.

Fungua mishono, tenga mikono, shingo, mbele na nyuma. Anza kufumua juu, maana sweta nyingi hufumwa kuanzia chini. Ukianzia chini uzi utakwama kila jicho, yaani kila kitanzi cha ufumaji. Zungushia uzi unaotoka kwenye mgongo wa kiti, kisha funga fungu sehemu 4 kwa uzi wa pamba, bila kukaza.

Uzi utakuwa umejikunja kama tambi. Usiufume hivyo, tafadhali! Macho yatatoka makubwa kwa madogo. Loweka dakika 20 kwenye maji vuguvugu na sabuni kidogo, kamua kwa taulo bila kusokota, anika kivulini.

Kofia ya mtoto hutoshwa na uzi wa gramu 50 hivi. Fuma kwanza kipande cha kupimia kwa sindano za milimita 4: ukipata macho 20 kwa sentimita 10, kofia ya mzunguko wa sentimita 44 huanza na macho 88.